Kuchokonoa kufuli kama mchezo: pa kuanzia

Habari za jioni, ndugu zangu, na poleni na foleni ya Jinja Road. Tuingie kazini: kuchokonoa kufuli, yaani kulifungua kwa vyuma vyembamba bila ufunguo wake.

Kabla ya kugusa chuma chochote kuna masharti mawili ambayo hayana mjadala. Kufuli utakalolichokonoa liwe lako, au mwenyewe awe amekuruhusu waziwazi. Na lisiwe kufuli linalotumika, hata kama ni lako: si la geti, si la duka, si la sanduku la mdogo wako anayesoma bweni. Sharti hili la pili ndilo wanaoanza hulidharau. Kuchokonoa kunachosha springi, kunakwaruza pini, na ncha ya chuma ikivunjikia ndani utalala nje ya nyumba yako mwenyewe. Vyama vya wapenzi wa mchezo huu, kama SSDeV cha Ujerumani kilichoanzishwa mwaka 1997 na TOOOL kilichoanzia Uholanzi, vimejengwa juu ya adabu hiyohiyo.

Kuhusu sheria: hapa Uganda, Sheria ya Makosa ya Jinai inamweka matatani mtu anayekutwa usiku na vifaa vya kuvunjia nyumba bila sababu halali, na ni juu yake kuithibitisha sababu hiyo. Kwa hiyo vifaa vikae nyumbani au karakanani. Ukikamatwa juu ya boda saa sita usiku na pochi ya vyuma vya kuchokonolea, maelezo yako kwamba unapumzisha akili hayatafika mbali.

Sasa tuingie ndani ya kufuli. Makufuli mengi ya shaba yanayouzwa Kikuubo, soko la Kampala, na silinda nyingi za milango ya aluminiamu, ni ya pini. Kuna kiini, yaani sehemu inayozunguka na ufunguo, kikiwa ndani ya mwili usiozunguka. Matundu 4 hadi 6 yametobolewa kutoka kwenye mwili hadi ndani ya kiini. Kila tundu lina springi, chini yake pini ya juu, na chini yake tena pini ya chini inayogusa ufunguo. Kufuli likiwa limefungwa, pini za juu zimekaa nusu ndani ya kiini na nusu mwilini, zinakizuia kuzunguka. Ufunguo sahihi huinua kila jozi kwa kipimo chake mpaka maungio yote ya pini yafike sawasawa kwenye mpaka wa kiini na mwili. Hapo kiini kinazunguka. Linus Yale mdogo wa Marekani ndiye aliyelipatia kufuli hili sura yake ya leo kwa hataza za 1861 na 1865, ingawa Wamisri wa kale walikuwa na kufuli la mbao lenye pini zinazoanguka kwa uzito wake.

Kama kiwanda kingetoboa matundu yote kwenye mstari ulionyooka kabisa, tusingekuwa na mchezo. Hakuna kiwanda kinachoweza. Tundu moja limeenda kando kidogo kuliko jingine, pini moja ni nene kidogo kuliko mwenzake. Kwa hiyo ukikisukuma kiini kizunguke bila ufunguo, hakibanwi na pini zote kwa pamoja. Kinabanwa na ile iliyo kando zaidi. Pini hiyo ukiisukuma mpaka maungio yake yafike mpakani, kiini kinasogea kiasi cha unywele, pini ya juu inabaki imekalia ukingo wa kiini, na sasa pini nyingine ndiyo inayobanwa. Ukiifuata hiyo, kisha inayofuata, kufuli linafunguka. Mpangilio wa kubana si lazima uanzie mbele kwenda nyuma. Unaweza kuwa 3, 1, 4, 2, na kwa kufuli hilohilo haubadiliki sana ukikaza upande uleule.

Unahitaji vyuma viwili tu. Cha kwanza ni chuma cha mkazo, kinachokaa kwenye tundu la ufunguo na kukisukuma kiini kizunguke. Ule utepe wa chuma ulio ndani ya mpira wa waipa ya gari unafaa sana, na mafundi wa magari huutupa pamoja na waipa kuukuu. Kata sentimita 10, pinda ncha ya milimita 8 hadi 10 iwe na pembe ya digrii 90, kisha ondoa makali kwa tupa. Cha pili ni ndoano. Wembe wa msumeno wa chuma una unene wa karibu milimita 0.6, unaotosha matundu mengi. Ondoa meno, kisha chonga sehemu ya mbele yenye urefu wa sentimita 4 ibaki na kimo cha milimita 2 hadi 2.5. Ncha yake ipande juu kama milimita 1.5, iwe ya mviringo. Ukitumia mashine ya kunolea, chovya majini kila baada ya sekunde mbili. Chuma kikigeuka buluu kimepoteza ugumu wake, na ndoano hiyo itapinda kwenye kufuli la kwanza. Malizia kwa msasa, namba 240 kisha 400 kisha 800, mpaka kidole kisihisi mkwaruzo wowote. Hili si pambo. Ndoano yenye mikwaruzo hukwama kila mahali, na utadhani kila pini imebanwa.

Mafundi wa Katwe watakuchongea seti nzima ukiwapa mchoro, lakini ni vizuri ndoano ya kwanza uichonge mwenyewe, kwa sababu mkono utaelewa inachotafuta humo ndani.

Kufanya kwenyewe ni hivi. Kwanza zungusha kwa ufunguo ujue kiini kinaelekea wapi na kina uzito gani. Toa ufunguo. Ingiza chuma cha mkazo kwenye ukingo wa tundu ulio mbali na pini, kisiguse kitu kingine, kisha kisukume kwa kidole kimoja tu. Mkazo uwe mwepesi kama wa kubonyeza simu ya kugusa, si wa kufungua soda. Ingiza ndoano mpaka mwisho na uirudishe nje taratibu, ukigusa kila pini. Nyingi zitaruka kwa springi tu, hizo ziache. Moja itakuwa ngumu. Ibonyeze pole pole mpaka usikie mlio mdogo, au kidole cha mkazo kihisi kiini kimeteleza kidogo. Acha kubonyeza hapohapo. Rudi kutafuta ngumu nyingine.

Karibu makosa yote yanatoka kwenye mkono wa mkazo. Wanaoanza huutazama mkono wa ndoano kwa sababu ndio unaocheza, kumbe ule uliotulia ndio unaoamua. Ukikaza mno, pini mbili au tatu zinabanwa kwa pamoja, kila kitu kinakuwa kigumu, unasukuma kwa nguvu, na ndoano inavunjika. Ukilegeza mno, pini ulizokwisha kuzipanga zinaanguka moja baada ya nyingine. Na ukiisukuma pini kupita kiasi, pini ya chini inavuka mpaka na kuingia kwenye mwili, ikakizuia kiini kama ilivyokuwa ikifanya ya juu. Dalili yake ni kwamba pini zote zinaonekana zimelegea lakini kufuli halifunguki. Hapo hakuna ujanja. Legeza polepole huku ukihesabu milio ya zinazoanguka. Moja ikianguka peke yake, jaribu kuendelea na zilizobaki kabla ya kuanza upya.

Kufuli kuukuu lililokaa getini lina adui mwingine: vumbi letu jekundu likichanganyika na mafuta. Pini zinanata, huhisi kitu. Lisafishe kwa mafuta ya taa ukiwa nje, likauke, kisha tia unga kidogo wa risasi ya penseli. Usichanganye unga huo na mafuta, utapata tope.

Watu huuliza kuhusu reki, ile ndoano ya mawimbi inayosuguliwa ndani na nje kwa haraka. Inafungua makufuli ya bei nafuu, kweli, lakini haikufundishi lolote. Iweke kando kwa mwezi wa kwanza.

Njia bora ya kujifunza ni silinda ya mlango unayoweza kuifungua na kupunguza pini, kwa sababu kufuli la shaba kwa kawaida huzibwa kabisa kiwandani. Fanya kazi juu ya sinia lenye kitambaa. Toa kibanio kinachoshika kiini, weka ufunguo, zungusha kama digrii 30, kisha sukuma kiini nje kwa kipande cha mti chenye kipenyo sawa nacho, kiasi cha milimita 13. Mti na kiini visiachane hata kidogo, la sivyo springi zitaruka na utazitafuta chini ya kabati. Usiposogeza ufunguo kwanza, pini za juu zitadondokea kwenye matundu ya kiini na kukikwamisha katikati. Punguza mpaka ibaki jozi moja ya pini. Ukiizoea, ongeza ya pili.

Ukifika kwenye silinda nzuri zaidi utakutana na pini za juu zenye kiuno chembamba. Kiini kinazunguka ghafla digrii kadhaa, unafurahi, halafu kinagoma. Kiuno cha pini kimenasa kwenye ukingo. Tafuta pini ambayo ukiibonyeza kiini kinarudi nyuma kidogo. Legeza mkazo kiasi cha kukiruhusu kirudi, huku ukiendelea kubonyeza. Huenda nyingine ikaanguka. Ipange tena. Inachosha, lakini kumbukeni fundi kufuli Mmarekani Alfred Hobbs: mwaka 1851 jijini London alifungua kufuli la kampuni ya Chubb kwa dakika 25, lakini lile la kampuni ya Bramah, lililotangaziwa zawadi ya gini 200 (sarafu ya zamani ya Kiingereza) tangu 1790, lilimla saa 51 zilizosambaa katika siku 16.

Vitasa vya leva vya milango ya mbao, vyenye vibamba badala ya pini, vina vifaa vyake tofauti; leo tunaviruka. Katika silinda za mazoezi nilizowaandalia leo, zenye utepe mwekundu zina pini 1, za buluu zina 3. Anzeni na nyekundu, na mtu asiguse ya buluu kabla hajafungua nyekundu mara 10 mfululizo.