Anyang: mji ulionyang'anywa timu ukaunda nyingine

Familia yangu, habari za huko nyumbani. Walioko Dar, Mbeya, Mombasa, Goma, Bujumbura, wote nawaona, karibuni sana. Leo siongelei viza wala mishahara ya viwandani, hayo tuyaweke kando kwanza. Wengi mnaniuliza huku Korea Kusini nashabikia timu gani, na mnadhani nitataja FC Seoul au Jeonbuk kwa sababu ndizo zenye makombe. Hapana. Mimi ni wa Anyang. FC Anyang, wale wanaovaa zambarau. Na nataka mjue kwa nini, maana habari ya hii timu ina uchungu ndani yake, na mtu yeyote aliyewahi kuipenda timu ya mji wake ataielewa.

Anyang ni mji uliopo kusini mwa Seoul. Unapanda treni ya laini namba moja, unashuka, hata huoni ulipotoka Seoul ukaingia mji mwingine, kwa sababu majengo yameungana. Wakazi wake ni zaidi ya laki tano. Kuishi jirani na jiji kubwa namna hiyo kuna gharama yake: kazi nzuri zinavutwa kule, vyuo vinavutwa kule, vijana wanakwenda kule. Mwaka 2004 hata timu ya mpira ikavutwa kule.

Ngoja nianze mbali kidogo, mnielewe.

Ligi ya kulipwa ya Korea ilianza 1983, na timu zake nyingi zilikuwa mali ya makampuni. Mwishoni mwa mwaka ule ule kampuni ya Lucky-Goldstar, hii mnayoijua leo kama LG, yenye matelevisheni na mafriji huko majumbani kwenu, nayo ikaunda timu yake. Jina lilikuwa Hwangso, yaani fahali. Miaka ya mwanzo makao yao yalikuwa eneo la Chungcheong, katikati ya nchi. Mwaka 1985 wakachukua ubingwa, na mfungaji bora wa ligi alikuwa Mthailand, Piyapong Pue-on, mabao 12, na pasi za mwisho pia akaongoza yeye. Mwaka 1990 timu ikahamia Seoul, ikabeba ubingwa wa pili mwaka huo huo.

Pale Seoul walikuwa timu tatu zinagombania uwanja mmoja wa Dongdaemun: LG, Ilhwa na Yukong. Wakati huo Korea inaomba kuandaa Kombe la Dunia la 2002, na ligi inataka mpira usambae nchi nzima badala ya kurundikana mji mkuu. Basi kufikia 1996 timu zote tatu zikatolewa Seoul. Ilhwa wakapelekwa Cheonan. Yukong wakaenda Bucheon, na baadaye wakaitwa Bucheon SK. LG wakaja Anyang, wakajiita Anyang LG Cheetahs, jezi nyekundu. Shikeni hilo jina la Bucheon, tutalirudia.

Sasa Anyang ikawaka. Mji ambao haukuwahi kuwa na timu ya ligi kuu ukapata timu, na kikundi cha mashabiki kikajijenga, A.S.U. RED, kwa sauti na ngoma zao. Mwaka 1998 wakachukua Kombe la FA. Mwaka 2000, chini ya kocha Cho Kwang-rae, wakachukua ubingwa wa ligi, na Choi Yong-soo akawa mchezaji bora wa msimu. Fainali walicheza na nani? Bucheon SK. Kwenye kikosi alikuwemo kijana mmoja beki, Lee Young-pyo. Wazee wa Ligi Kuu ya Uingereza mnamkumbuka, yule wa Tottenham aliyepitia PSV. Huyo alianzia hapa.

Na watani walikuwepo. Mji wa Suwon upo jirani, katikati kuna mlima mdogo unaitwa Jijidae, barabara inapita juu yake, na dabi ikachukua jina la huo mlima. Suwon walikuwa na timu ya Samsung, Anyang timu ya LG. Fikirieni: makampuni mawili yanayoshindana kuuza friji, miji miwili iliyo karibu karibu. Kilichomwaga petroli kwenye moto ni winga Seo Jung-won. Aliondoka Anyang 1998 kwenda Strasbourg ya Ufaransa, mwaka uliofuata akarudi Korea, lakini akasaini Suwon. Mashabiki wa Anyang wakachoma jezi yake hadharani. Mwaka 2002 hizo timu mbili zikakutana fainali ya klabu bingwa Asia, hebu fikiria, na Suwon wakashinda kwa matuta.

Lakini 2002 ndiyo ilileta balaa lenyewe. Pale Seoul, eneo la Sangam, ulijengwa uwanja mpya wa Kombe la Dunia, viti zaidi ya elfu sitini. Ninyi mnaujua vizuri, ni pale Senegal walipowafunga Ufaransa 1-0, bao la Papa Bouba Diop, mechi ya ufunguzi, Mei 31. Sherehe ikaisha, wageni wakaondoka, na uwanja ukabaki hauna timu. Seoul, jiji la watu milioni kumi, haikuwa na klabu ya ligi kuu. Chama cha soka na jiji wakaanza kutafuta timu ya kuweka pale.

Tarehe 2 Februari 2004, LG wakatangaza kwamba timu inahamia Seoul.

Msimu mpya unakaribia kuanza. Watu wana skafu, wana nyimbo, watoto wamekua wakipelekwa uwanjani na baba zao, kisha wanasikia kwenye habari kwamba timu haipo tena. Wakaandamana, wakapiga kelele kila mahali walipoweza, haikusaidia kitu. Wachezaji walewale, kocha yuleyule, jina jipya: FC Seoul. Leo iko chini ya GS, kundi la makampuni lililojitenga na LG, na ni moja ya klabu kubwa Asia.

Upande wa Seoul wana hoja yao na nitaitaja, maana si haki kuificha. Wanasema timu ilikuwa Seoul kabla ya 1996, ikatolewa kwa sera ya ligi, kwa hiyo 2004 ilirudi kwao. Kwenye karatasi ni kweli, ilikuwepo Seoul miaka sita. Ila mimi nakataa. Ukishakaa kwenye mji misimu minane, ukachukua makombe mbele ya watu wake, watoto wakavaa jezi yako shuleni, huwezi kuwaambia ulikuwa mpangaji tu. Kampuni ilikuwa na haki ya kumiliki ile timu. Haki ya kuwafuta wale watu sijui nani aliwapa.

Watu wa Mbarali, kule Mbeya, mko hapo? Ninyi ndio mtanielewa haraka kuliko wote. Ihefu, timu ya ligi kuu ya Tanzania, ilikuwa yenu. Pale Ubaruku, Highland Estate, Novemba 2022, Ihefu ikaipiga Yanga 2-1 na kuvunja ile rekodi ya mechi 49 bila kufungwa. Nchi nzima ikatafuta Mbarali iko wapi kwenye ramani. Mwaka na kitu baadaye timu ikahamishiwa Singida, na sasa inaitwa Singida Black Stars. Sina neno baya na watu wa Singida, wanapenda mpira na wanajaza uwanja. Nawafikiria tu wale wa Ubaruku, wale waliokuwa wanauza maji na ndizi nje ya geti siku ya mechi.

Turudi Anyang. Miaka tisa mji ule ulikaa bila timu. A.S.U. RED hawakuvunjika. Walianza kuusukuma mji uunde klabu yake wenyewe, klabu ya manispaa, ambayo hakuna mwenye kampuni atakayeamka asubuhi akaihamisha. Ilikuwa kazi, kwa sababu fedha ni za walipa kodi, na madiwani walikuwa wanagoma. Oktoba 2012 baraza la mji hatimaye likapitisha. Mwaka huo huo timu ya benki kule Goyang, Kookmin Bank, ilikuwa inavunjwa, basi kocha wake Lee Woo-hyung na baadhi ya wachezaji wakaja Anyang. Klabu ikazinduliwa tarehe 2 Februari 2013. Angalieni hiyo tarehe. Miaka tisa kamili, siku ileile waliyonyang'anywa.

Rangi wakachagua zambarau, kwa sababu Anyang ilisifika zamani kwa zabibu zake. Lakini kikundi cha mashabiki kikabakiza jina lake, RED, nyekundu, jina la enzi za Cheetahs. Ukienda uwanjani leo utaona kitu kinachonigusa kila mara. Jukwaa zima la nyuma ya goli ni zambarau, bendera, ngoma, vijana wanaruka tangu dakika ya kwanza hata kama timu imefungwa mawili. Halafu katikati yao unaona wazee, watu wa miaka hamsini na kitu, na ukitazama vizuri shingoni, chini ya skafu ya zambarau, kuna nyekundu iliyopauka. Hawaitoi. Uwanja wenyewe si wa kifahari, una njia ya riadha kuzunguka, viti kama elfu kumi na saba, kwa hiyo nyuma ya goli wameweka majukwaa ya chuma ya kusogeza ili watu wawe karibu na mpira.

Walianzia daraja la pili, na huko wakakaa sana. Aprili 2017, Kombe la FA, kura ikawapeleka kwenye ule uwanja wa Sangam kucheza na FC Seoul, mara ya kwanza. Mashabiki wa Anyang wakaingia na mienge ya moto, moshi ukafunika jukwaa lao kabla mpira haujaanza. Walifungwa 2-0, Yun Il-lok mabao yote. Wakaimba mpaka mwisho.

Mwaka 2022 ndio uliowaua watu. Mechi za mchujo wa kupanda na kushuka daraja, mpinzani ni nani? Suwon, watani walewale wa Jijidae, ambao sasa ndio wanaokimbia kushuka. Mechi ya kwanza Anyang, 0-0. Ya pili Suwon, 1-1, ikaenda dakika za nyongeza. Dakika ya 120, sekunde zinahesabika, watu wameshaanza kuwaza matuta, Oh Hyeon-gyu akafunga. Suwon wakabaki, Anyang wakarudi chini. Kijana yule akauzwa Celtic miezi michache baadaye. Watu wa Anyang hadi leo ukitaja jina lake wanageuza shingo.

Mwaka uliofuata Suwon hao hao wakashuka. Kwa hiyo 2024 wote wawili wakawa daraja la pili, dabi ikafufuka, na Suwon wakaja Anyang wakashinda 3-1. Lakini ligi ni ndefu. Anyang walikuwa na kocha mpya, Ryu Byeong-hoon. Hakuwahi kuwa kocha mkuu kabla ya hapo, ila alikuwa kwenye benchi la ufundi klabu ilipozaliwa 2013. Walikuwa na Mbrazili Matheus Oliveira, aliyekuja kuwa mchezaji bora wa ligi. Tarehe 2 Novemba 2024 walihitaji pointi moja tu kuwa mabingwa na kupanda. Mechi ni ugenini, na mwenyeji ni Bucheon.

Niliwaambia mlishike hilo jina. Bucheon SK, wale waliocheza fainali ya 2000 na Anyang, mwaka 2006 nao walihamishwa, wakapelekwa kisiwani Jeju. Mashabiki wao wakaunda Bucheon FC 1995 wakianzia ngazi za chini kabisa. Kwa hiyo siku ile uwanjani zilikuwa timu mbili zilizoundwa na watu walioachwa. Ikaisha 0-0. Anyang wamepanda! Nimeona watu wazima wanalia kwenye ngazi za jukwaa, wanashikana kama wamefiwa, kumbe ni furaha. Meya Choi Dae-ho, ambaye ndiye alikuwa meya wakati klabu inaundwa, alikuwa ameahidi kupaka nywele rangi timu ikipanda. Akazipaka zambarau, kichwa kizima, akaenda nazo kazini.

Msimu wa 2025 ukafunguliwa kwa mabingwa watetezi Ulsan, tena kwao. Anyang wakashinda 1-0, bao la mshambuliaji wao Mota dakika za majeruhi. Wiki iliyofuata, FC Seoul pale Sangam, watu zaidi ya elfu arobaini, Jesse Lingard yule wa Manchester United akafunga, Anyang wakalala 2-1. Mei Seoul wakaja Anyang, 1-1.

Kisha Agosti 31. Sangam tena. Dakika ya tatu Thomas, beki Mholanzi, akafunga. Kipindi cha pili kimeanza tu, Anyang wakajifunga wenyewe, 1-1, na mtu unasema haya sasa yaleyale. Dakika ya 78 Mota akafunga la pili, likadumu. Anyang wakaifunga FC Seoul kwa mara ya kwanza, kwenye uwanja uleule uliowachukulia timu. Mimi sauti ilikatika siku mbili, hata simu za mama nilikuwa napokea kwa kunong'ona.

Na msimu huo hawakushuka. Wakabaki ligi kuu. Halafu Desemba 2025 Bucheon nao wakapanda, mara yao ya kwanza. Jeju, ambayo ndiyo ile Bucheon SK ya zamani, nayo imo ligi kuu hiyohiyo msimu wa 2026, na wanatakiwa kukutana. Nikipata tiketi naenda na kamera, mtayaona yote. Na ninyi wa Ubaruku, niandikieni hapo chini: siku hizi uwanja wa Highland Estate unachezwa na nani?