Kulipanga Taya Kabla ya Kulikata

Wanafunzi wangu, leo naomba tukae kwenye taya la chini. Mgonjwa mwenye ameloblastoma, uvimbe ambao si saratani lakini huula mfupa taratibu, mara nyingi hukatwa kipande kizima cha taya. Tangu Dkt. David Hidalgo wa New York alipoieleza njia hiyo mwaka 1989, pengo hilo huzibwa kwa fibula, ule mfupa mwembamba ulio kando ya muundi, ukihamishwa pamoja na mishipa yake ya damu.

Kazi iko kwenye umbo. Fibula imenyooka, taya limepinda. Lazima fibula ikatwe vipande viwili au vitatu, kila pembe ikae sawasawa, na msumeno usiguse mshipa unaoulisha mfupa. Kuzikadiria pembe hizo kwa macho, mgonjwa akiwa tayari kwenye usingizi, ni mzigo mkubwa. Ndiyo maana tunazipanga mapema. Picha za CT scan za taya na miguu zinaingizwa kwenye kompyuta (programu ya 3D Slicer ni ya bure, itumieni kujifunzia), tunakata na kuunga humo humo, kisha printa ya 3D, ile inayojenga vitu tabaka kwa tabaka, inatoa vielekezi vya plastiki vinavyokaa kwenye mfupa wa mgonjwa huyo tu, vikiwa na upenyo mwembamba wa kupitishia msumeno.

Hapa nisikilizeni vizuri. Kielekezi hakijui kama kimekaa vibaya. Nyama kidogo ikibaki chini yake kinainuka, pembe inabadilika, na mwishowe meno hayakutani. Kwenye taya safisheni mfupa, mkibonyeze, na kikicheza msifunge skrubu. Kwenye fibula hamwezi kukwangua hivyo, kwa sababu utando unaoufunika mfupa ndio unaoupelekea damu. Unene wa utando huo uhesabiwe tangu kwenye kompyuta. Na picha ziwe za karibuni, maana uvimbe ukishakua, mstari mliouchora hauna kazi tena.

Picha za miguu zionyeshe mishipa ya damu. Wako watu wachache ambao mshipa huo wa fibula ndio unaolisha karibu wayo wote. Mhandisi anayechora vielekezi anaweza asilitambue hilo. Ni jukumu lenu. Mgonjwa wa namna hiyo mguu wake uacheni, mtafute mfupa kwenye nyonga au kwenye bapa la bega.