Kwanza iweke kweli

Haya asanteni jamani, nyie wa nyuma sogeeni kidogo maana hii sarafu ni ndogo. Iangalieni. Iko kulia, naiweka kushoto, nafumba, napuliza, haipo. Makofi subirini kwanza, nataka tuongee kwanini mmeamini imeingia kule kushoto.

Nimefanya mazingaombwe jukwaani miaka 26, ndo kazi iliyonilisha, na nlipoanza hakuna aliyenifundisha. Kuna mkubwa mmoja wa fani nlimbebea maboksi mwaka mzima, kila akitaka kulifungua moja ananiambia geuka uangalie ukutani, nageuka. Mpaka leo inaniuma, kwasababu siri ya boksi ningeipata tu mbele ya safari, nlichokua nahitaji ni mtu wa kukaa pembeni aniambie kijana, hapo bega lako limepanda.

Sasa mchukueni Dai Vernon, fundi wa mazingaombwe ya karata. Mwaka 1922 kule Chicago alimchezea karata Houdini mwenyewe, yule bingwa wa kujifungua minyororo, aliyekua anajitapa kwamba kiini macho chochote akionyeshwa mara tatu atakijua, karata ina sahihi ya Houdini kabisa, inawekwa ya pili kutoka juu, ikifunuliwa iko juu tena, rudia, rudia, akashindwa. Mtu kama Vernon angeweza kujifungia na siri zake, lakini uzeeni alikaa pale Magic Castle, klabu ya wanamazingaombwe kule Hollywood, vijana wamemzunguka na karata zao wanamuuliza maswali, wakamwita Profesa. Na kabla ya hapo kuna dogo wa miaka 14, Persi Diaconis, aliondoka nyumbani akazunguka nae, dogo akaja kua profesa kweli, wa hesabu, ndo yeye na mwenzake walioonyesha mwaka 1992 kwamba karata 52 zinataka kukatwa mafungu mawili na kupishanishwa kama mara 7 hivi ndo zichanganyike sawasawa. Mi nikifikiria hilo nasisimka.

Turudi kwenye sarafu. Kuna binti nilimpokea ana vidole vyepesi kuliko vyangu, ila hadhira ilikua inamkamata kila siku na analia. Nikakaa nikamwangalia mkono tu. Kumbe ule mkono wa kulia unaoficha unakauka, kidole gumba kimesimama wima, na macho yake yanaulinda, yaani ni yeye anawaonyesha watu pa kutazama! Nikamwambia acha mchezo wiki mbili, kazi yako iwe kuiweka sarafu kushoto kweli, kweli kabisa, mara mia kwa siku mbele ya kioo, angalia macho yanaenda wapi, vidole vinafumba saa ngapi, alafu ule wa kulia ukishabaki mtupu unafanya nini. Siku ya nne akaja mbio, mwalimu, mkono mtupu hauna habari! Unashuka wenyewe, unakuna shingo, unaokota kalamu. Basi sasa ufiche hivyohivyo, nikamwambia, na macho yaifate sarafu kushoto utadhani imeenda. Jukwaani safari hii watu walikua bado wanatazama ngumi ya kushoto na yeye ashaingiza mkono mfukoni kuchukua kitambaa, na hakuna aliyeuangalia huo mfuko.

Nimeleta sarafu za kutosha, kila mtu achukue moja. Wewe wa shati la kijani njoo hapa mbele, usiogope. Iweke kweli kwanza.