Kufunga Feni ya Bafuni: Zima, Pima, Ndipo Uguse Waya

Jambo kwenu, ndugu zangu mnaotazama kutoka Ibanda, Kadutu, Bagira na kokote mlipo. Leo tunafunga feni ya kutoa mvuke bafuni. Hapa Bukavu mvua inaanza Septemba na kutuacha Mei. Bafu lenye dirisha dogo linaota ukungu mweusi darini, na hata ukipaka rangi mpya, baada ya muda unarudi palepale. Feni ndogo ya kipenyo cha milimita 100 inakula wati 15 au 20 hivi, pungufu ya balbu ile ya zamani, na inatoa nje unyevu unaolisha huo ukungu.

Kufunga feni si kazi kubwa. Kazi kubwa ni kuwa na hakika kwamba waya hauna umeme kabla hujaushika. Hapo ndipo nitakaa sana leo, na ninawaomba msiruke sehemu hiyo ya video.

Nianze na delestaji, yaani umeme kukatwa mtaani kwa zamu. Mafundi wengi wa nyumbani hungoja umeme ukatike, kisha wanapanda ngazi wakisema, haya, umeenda, tufanye haraka. Ndugu yangu, usifanye hivyo hata siku moja. Hakuna atakayekupigia simu kukuonya kwamba unarudi. Waya ulioushika saa nne ukiwa mtulivu unaweza kuwa na volti 220 dakika moja baadaye, nawe uko juu ya ngazi, chini sakafu imelowa. Umeme uliokatika wenyewe hurudi wenyewe.

Tena kuna sababu ya pili, ambayo watu hawaifikirii: umeme usipokuwepo, huwezi kupima. Kipimo kikionyesha sifuri, utajuaje kama umezima dijonkteri sahihi, ile swichi ya usalama inayokata umeme wa laini moja, au ni delestaji tu? Kwa hiyo tunaianza kazi hii umeme ukiwepo, mchana, wakati taa za nyumba zinawaka.

Twende kwenye tablo, lile sanduku lenye dijonkteri zote za nyumba. Washa taa ya bafu kwanza. Sasa shusha dijonkteri unayodhani ni yake, halafu mtu mmoja akaangalie bafuni. Imezimika? Vizuri, lakini bado hatuamini. Napenda dijonkteri ya poli mbili, ile inayokata fazi (waya unaoleta umeme) na netri (waya unaourudisha) kwa pamoja, maana katika nyumba nyingi za zamani waya hizo mbili zimebadilishana njiani. Kama yako inakata waya mmoja tu, shusha ile kubwa ya nyumba nzima.

Ukishaishusha, funga mlango wa tablo kwa kufuli na ufunguo ukae mfukoni mwako. Hauna kufuli? Bandika skochi juu ya dijonkteri na karatasi iliyoandikwa kwa herufi kubwa: USIWASHE, NIKO KAZINI. Kisha uwaambie wote waliomo nyumbani kwa mdomo. Mama anayerudi sokoni na kukuta friji imezima atakimbilia tablo kabla ya kusoma karatasi.

Sasa jambo la nyumba zetu hasa. Una inverta, kile kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa wa nyumba, na betri zake? Ukishusha dijonkteri kubwa, inverta inaona kama delestaji imeanza, na inawasha nyumba yenyewe. Yaani umezima, na hapohapo umeme mwingine umeingia kwenye waya uleule. Zima inverta kwa swichi yake, na utenganishe betri. Una paneli za jua? Hivyohivyo. Jenereta isiguswe na mtu mpaka umalize. Na kama nyumba ina laini ya pili inayotoka kwa jirani, ifuate hadi inapoingia na uikate huko. Vyanzo vyote, siyo kimoja.

Tupime. Chukua multimita, yaani kipimo cha umeme chenye namba, au kipimo cha ncha mbili. Bisibisi ya testa, ile yenye taa ndogo ndani, isiwe ndiyo unayoiwekea uhai wako: ukisimama juu ya kitu kikavu inaweza isiwake vizuri, na mwanga wa dirishani unaificha. Weka multimita kwenye volti za umeme wa nyumba, siyo za betri. Hatua ni tatu. Kwanza pima mahali unapojua pana umeme, kwa mfano plagi ya sebuleni. Kama umezima nyumba nzima, pima hapo kabla ya kushusha ile kubwa. Umeona 220 au karibu yake? Kipimo ni kizima. Pili, nenda bafuni, fungua kisanduku cha waya bila kugusa shaba, na upime: fazi na netri, fazi na waya wa ardhi, netri na waya wa ardhi. Kama kuna waya wa nne unaotoka kwenye swichi, upime na huo. Vyote vionyeshe sifuri. Tatu, pima tena pale penye umeme (kama umezima nyumba nzima, kwenye plagi ya jirani), ujue kipimo hakikufa katikati. Hatua hii ya tatu ndiyo watu wanaiacha, nami sitaacha kuisema.

Kuzima swichi ya taa hakutoshi. Kama swichi imefungwa kwenye netri badala ya fazi, taa itazimika na waya utabaki na umeme ukikungoja. Rangi nazo ziongoze macho tu: buluu ni netri, kijani na njano ni ardhi, kahawia, nyeusi au nyekundu ni fazi. Aliyejenga nyumba yako huenda alitumia waya aliokuwa nao siku hiyo. Kipimo ndicho kinachosema kweli.

Haya, mahali pa feni. Iwe juu, karibu na dushi lakini isiwe ndani ya eneo la maji. Kaa sentimita 60 au zaidi kutoka ukingo wa dushi au beseni, na bado nunua yenye alama ya IPX4, inayohimili matone kutoka pande zote. Swichi yake ikae nje ya mlango. Bomba litoke nje kabisa ya nyumba. Ukilimalizia juu ya dari, unahamisha ukungu kwenye mbao za paa. Liinamishe kidogo kuelekea nje ili maji ya mvuke yasirudi kwenye mota, na nje uweke kifuniko chenye vibawa vinavyojifunga.

Kuunga waya. Tumia waya wa milimita za mraba 1.5, kwenye laini ya taa yenye dijonkteri ya ampea 10, na nyuma yake iwepo diferensieli ya miliampea 30. Kama tablo yako haina hiyo diferensieli, mwite fundi wa umeme aiweke kwanza; bafuni mtu yuko uchi, amelowa, na hicho ndicho kifaa kinachokata umeme unapopitia mwilini.

Feni ya kawaida ina pini mbili. Fazi inayotoka kwenye swichi inaingia L, netri inaingia N. Ukiona mraba ndani ya mraba kwenye kibandiko, feni hiyo haihitaji ardhi. Usiukate huo waya wa kijani na njano, ufungie ndani ya domino (kiunganishi cha waya chenye skrubu) yake peke yake, utafaa siku ukibadilisha feni.

Feni yenye kipima muda, inayoendelea kuzunguka dakika kadhaa baada ya taa kuzimwa, inataka waya tatu: fazi ya kudumu, fazi ya kutoka kwenye swichi ya taa, na netri. Soma karatasi yake, herufi zinatofautiana. Hapa swichi ya taa ikizimwa, feni bado ina umeme. Ndiyo maana ninaweka nje ya bafu, juu ya mlango, swichi ya kutenga yenye poli tatu, inayokata waya zote tatu kwa mpigo mmoja. Na fazi zote mbili zitoke kwenye dijonkteri moja. Zikitoka mbili tofauti, fundi wa kesho atazima moja na kukutana na nyingine.

Kaza skrubu, kisha vuta kila waya kwa vidole, ukitoka, haukukazwa. Shaba isionekane nje ya domino. Bana kebo kwa kibanio chake, rudisha kifuniko.

Ondoa vifaa, shuka ngazini, washa dijonkteri. Washa feni na uweke kipande cha karatasi laini kwenye wavu wake: kikishikwa, inavuta. Kikianguka, angalia chini ya mlango. Hewa haitoki kama hakuna inayoingia, kwa hiyo acha mwanya wa sentimita moja au mbili.

Jambo moja kuhusu mwanya huo. Feni inavuta hewa ya korido. Ukiweka mbabula, yaani jiko la makaa, pale kuchemsha maji ya kuoga, moshi wake na ile hewa ya sumu isiyo na harufu vitavutwa mpaka kwa anayeoga. Mbabula ibaki nje.

Siku ya kusafisha vumbi kwenye mapanga, rudia yote: swichi ya kutenga, tablo, inverta, kipimo. Kama maswali yapo, niandikieni hapo chini mkitaja aina ya tablo yenu na kama mna inverta, nami nitajibu.