Feri wanasema gesi

HAMISI: Nilipita Feri, hapa Mtwara, nikauliza swali moja tu: vita ya Cabo Delgado, kule kaskazini mwa Msumbiji, imeletwa na nini? Dada Somoe, kila benchi na jibu lake.

SOMOE: Wavuvi wamesema gesi.

HAMISI: Umejuaje?

SOMOE: Hata nyumbani kwetu ndilo jibu. Wazungu wameona gesi, wamepanga fujo, watu wahame, wao wachimbe kwa raha.

HAMISI: Hivyo hivyo! Neno kwa neno.

SOMOE: Sasa kaka, mji wa Palma, kule kule Cabo Delgado, ulishambuliwa na waasi Machi 2021. Mwezi uliofuata TotalEnergies, kampuni ya Wafaransa, ikatangaza kusimamisha mradi wake wa gesi wa Afungi, jirani na Palma. Mabilioni ya dola yakalala. Beberu gani anachoma ghala lake mwenyewe?

HAMISI: Ukiwaambia hivyo wanakuuliza umelipwa shilingi ngapi. Ila usiwadharau, dada. Watu wa huku wanayo kumbukumbu ya bomba la gesi.

SOMOE: Siwadharau. Mwaka 2013 palichafuka hapa, watu wakasema gesi haitoki Mtwara kwenda Dar. Hasira ilikuwepo, vijana wasio na kazi walikuwepo, misikiti ipo tangu enzi za babu zetu. Mbona hatukuingia msituni? Gesi peke yake hainitoshi.

HAMISI: Wazee wa msikitini wao walisema dini imepotoshwa.

SOMOE: Hapo pana kitu. Kabla ya Oktoba 2017, vijana walioanzisha vita hii waliposhambulia mji wa Mocímboa da Praia, masheikh wa kule walishawalalamikia serikalini. Walikuwa wanaingia msikitini na viatu, wanakataza watoto shule za serikali. Waliotangulia kugombana nao ni Waislamu wenzao.

HAMISI: Na mama lishe mmoja akasema njaa tu, hakuna kingine.

SOMOE: Ana wenzake. UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, walihoji watu waliowahi kujiunga na makundi ya namna hii Afrika, Somalia, Nigeria na kwingineko. Msumbiji haimo, nisije nikadanganya. Ripoti ya 2023 inasema robo ya waliojiunga walitaja kazi kuwa sababu kuu. Dini walitaja asilimia 17.

HAMISI: Kumi na saba tu?

SOMOE: Tena ile ya kwanza, ya 2017, ndiyo iliyonikosesha usingizi. Waliulizwa, nini hasa kilikufanya ukate shauri? Asilimia 71 wakataja kitendo cha serikali. Ndugu kauawa, rafiki kakamatwa.

HAMISI: Hilo jibu Feri sikulisikia kwa mtu hata mmoja.

SOMOE: Kwa sababu gani, unadhani?

HAMISI: Ngoja kwanza. Kuna jamaa alinivuta pembeni. Alikuwa Montepuez, Cabo Delgado hiyo hiyo, kwenye machimbo ya vito vya rubi. Anasema mwanzoni mwa 2017 polisi waliwafukuza wachimbaji wadogo, Watanzania wakiwemo, watu wakapigwa, wakanyang'anywa. Akaniambia, "Mimi nilirudi kwetu. Wale wa kule kule wangerudi wapi?"

SOMOE: Hakusema kwamba walijiunga?

HAMISI: Hapana. Aliishia hapo, akaangalia nyuma yake.

SOMOE: Huyo ndiye ningekaa naye mimi. Mkoa ule ule, mwaka ule ule. Siungi moja kwa moja, lakini na hayo yamo.

HAMISI: Kwani wewe umesahau kijiji cha Kitaya? Oktoba 2020 waasi hao walivuka mto Ruvuma wakaja kuua watu na kuchoma nyumba upande wetu. Ukianza kusema "walionewa", mtu wa Kitaya atakuona unawatetea.

SOMOE: Nami nitamwelewa. Kueleza mtu kafikaje pale si kumsafisha, lakini aliyechomewa nyumba sina haki ya kumlazimisha anisikilize.

HAMISI: Basi niambie, nikirudi Feri niulize nini?

SOMOE: Uliza kama wanamjua kijana aliyekamatwa au kupotea, na nani alikwenda kumuulizia.

HAMISI: Hilo siulizi mimi. Watasema natoka usalama, benchi zima litanyamaza.

SOMOE: Ndiyo maana wanakujibu gesi, kaka. Gesi haimkamatishi mtu.