Sarafu ya euro mbili, mshairi wa shaba, na kwaya yangu ya Alhamisi

Haya wapendwa, shikamooni wakubwa, wadogo mambo! Niko Ljubljana, mji mkuu wa Slovenia, katikati ya mji, baridi inakata masikio. Hebu oneni hii. Sarafu ya euro mbili ya Slovenia. Huyu hapa si rais wala jenerali. Ni mshairi, France Prešeren. Sasa geukeni nami... yule pale juu, wa shaba, ndiye yeye. Uwanja wote huu una jina lake. Na mnaona anakotazama? Ukutani ng'ambo ile wamechonga sura ya Julija, binti wa tajiri ambaye Prešeren alimpenda bila kupendwa. Fikiria unakataliwa, halafu taifa zima linakusimamisha umwangalie mpaka kiyama!

Alifariki tarehe 8 Februari 1849, na tarehe hiyo huku ni sikukuu ya utamaduni. Mwaka wangu wa kwanza nilifika kazini nikakuta mlango umefungwa. Nampigia mwenzangu, anacheka: leo ni siku ya mshairi, rudi kalale. Sikulala, nikaja hapa. Nikakuta waigizaji wanapokezana kusoma mashairi yake, watu wamesimama kwenye baridi na watoto mabegani. Wimbo wao wa taifa pia ni wake, ubeti mmoja wa shairi la watu wanaonyanyua glasi za mvinyo. Ukilitazama kwenye karatasi, mistari ya kila ubeti imepangwa ikatoa umbo la glasi. Wakaguzi wa maandishi wa Vienna, kwa watawala wa Austria, hawakuliruhusu lipite lilivyo, likachapishwa 1848 ukaguzi huo ulipoanguka. Ubeti wenyewe haumtishi mtu. Unaomba aliye ng'ambo ya mpaka asiwe shetani, awe jirani.

Kwa nini mshairi? Nilijiuliza sana, jamani. Hawa ni watu milioni mbili na kidogo, Dar peke yake imewazidi zaidi ya mara mbili. Karne nyingi walikuwa chini ya wafalme wa Austria, na ofisini lugha ilikuwa Kijerumani. Hawakuwa na mfalme wao, hawakuwa na jeshi lao. Walikuwa na lugha, na lugha ikafikiriwa ya shambani.

Ndipo tarehe 28 Desemba 1789, mjini hapahapa, Anton Tomaž Linhart akapandisha jukwaani tamthilia kwa Kislovenia. Msingi aliuchukua kwenye mchezo wa Kijerumani, lakini sikilizeni alivyoupika. Bwana mkubwa wa mjini anakuja kumlaghai Micka, binti wa kiongozi wa kijiji, kwa ahadi za ndoa. Anaumbuliwa, binti anarudi kwa kijana wa kwao. Wenye vyeo wa Ljubljana wamekaa wanatazama wenzao wakiaibishwa, tena kwa lugha ya watumishi wao! Mimi hiyo ingenitosha kununua tiketi.

Baadaye, kwenye miaka ya 1860, zikaja nyumba za kusomea, čitalnice. Jina linasema kusoma, lakini jioni watu waliimba kwaya, wakakariri mashairi, wakaigiza. 1867 chama cha tamthilia kikaundwa, na huko ndiko ilikotoka Tamthilia ya Taifa ya leo.

Sasa hapa naomba mtulie kidogo. Baada ya vita ya kwanza ya dunia, Waslovenia wengi wa magharibi walijikuta ndani ya Italia. Mjini Trieste walikuwa na jumba lao, Narodni dom, lenye ukumbi wa maigizo ndani. Tarehe 13 Julai 1920 mafashisti wakalichoma moto. Lugha ikafukuzwa shuleni, hata majina ya watu yakageuzwa. Karibu na Gorizia kulikuwa na mwalimu wa kwaya, Lojze Bratuž. Desemba 1936, baada ya misa ambayo watu waliimba kwa Kislovenia, wakamkamata wakamnywesha mafuta ya injini. Akafa Februari iliyofuata, hajafika miaka 35. Kosa lake kwaya. Mimi niliyekulia kwenye kwaya, nikigombana na wenzangu nani avae sare gani, habari hii ilinikalisha chini. Lile jumba walikubaliana kulirudisha kwa Waslovenia 2020, miaka 100 kamili baadaye.

Msidhani ni huzuni tupu. Kuna muziki wa kodiani wa ndugu wawili Avsenik, walianza 1953, na ukialikwa harusini vijijini hutaukwepa. Mimi nyimbo tatu zinanitosha, mnisamehe. Halafu kuna Laibach, bendi ya vijana wa Trbovlje, mji wa makaa ya mawe, walioanza 1980 wakajiita kwa jina la Kijerumani la Ljubljana. Jina hilo likapigwa marufuku mjini Ljubljana kwa miaka kadhaa. Taifa lililopigania jina lake, halafu watoto wanalichokoza palepale penye kidonda! Hao nawapenda.

Basi na mimi nimejiunga na kwaya ya mtaa wangu. Wananiweka sauti ya nne, nyuma kabisa, karibu na mzee mmoja fundi bomba mstaafu. Kila nikikosea neno ananigusa kiwiko, ananitamkia polepole, ananisubiri nirudie. Kisha anadai nimfundishe wimbo mmoja wa kwetu, na "ng'ombe" inamshinda vibaya, namsubiri na yeye.

Leo ni Alhamisi, mazoezi saa moja jioni. Na saa moja ya huku, wapendwa, ni saa moja. Naona tramu... aa, Ljubljana haina tramu, nawahi basi. Bonyezeni kengele hapo chini!