Mbwa anayehara kila mara hajazoea, ni mgonjwa

Karibuni nyote, wenye mko nyuma sogeeni mbele kidogo ndio tusikizane.

Mtu akileta mbwa kwa chanjo namuuliza, tumbo je? Ananiambia ako sawa daktari, ni vile tu huwa anahara hara. Ukiuliza tangu lini, unasikia tangu tumlete nyumbani, yaani mwaka mzima! Jameni, hiyo sio tabia ya mbwa. Kuhara ama kutapika kukienda kukirudi zaidi ya wiki 3, hiyo ni shida sugu na inatafutiwa chanzo. Na saa zingine hata haionekani kwa choo, inaonekana kwa ngozi, mbwa analamba miguu usiku kucha, masikio yananuka, unatibu masikio leo mwezi ujao yamerudi, kumbe mwenye makosa ni chakula.

Minyoo nitapita haraka kwa sababu wengi mnajua. Kijibwa anaweza kuipata kutoka kwa mama yake akiwa bado tumboni na pia kwa maziwa, ndio maana tunaanza dawa akiwa na wiki 2, hatungoji akue. Mfungue mdomo uangalie ufizi, ukiwa mweupe badala ya pinki jua minyoo ya safura inamnyonya damu. Halafu kuna jiadia, kidudu kidogo sana cha maji machafu, leo kinatoka na choo kesho hakitoki, kwa hivyo ukileta choo cha siku moja na maabara waseme hakuna kitu usishangilie bado, leta cha siku 3 tofauti.

Sasa tuje kwa sufuria. Hapa Nairobi mbwa wengi wanakula ugali na omena, ama matumbo, ama ule unga wa mbwa wa kupimiwa kwa kilo. Mimi na ugali hatuna ugomvi. Ugomvi wangu ni mahindi yaliyoharibika, yale watu wanasema hayafai binadamu basi wapikie mbwa. Hapana! Mahindi ya ukungu yana aflatoksini, ndio ile sumu iliyoua watu 125 mwaka wa 2004, wengi wao huko Makueni na Kitui, na mbwa ni kati ya wanyama inaowaumiza vibaya zaidi, maini ndio yanaenda. Na kupika hakusaidii, songa huo ugali mpaka uungue, sumu bado iko. Mbwa anaanza kukataa chakula, anatapika, anakonda pole pole, na ukiona ufizi na macho yamekuwa manjano basi maini yameumia sana. Mahindi ambayo huwezi kupikia watoto wako usimpikie mbwa.

Kitu kingine kinaniuma sana ni hii tabia ya mbwa akihara tu, anapewa metronidazoli, dawa ya kuua bakteria. Choo kinakauka siku chache, halafu kinarudi vile vile, anapewa tena. Nimepokea mbwa wamemeza hiyo dawa mara nyingi mpaka mwenyewe hakumbuki. Ndani ya tumbo kuna bakteria wazuri, kuna wale wanabadilisha nyongo ikawa ya kuzuia bakteria wabaya wasijae, sasa hiyo dawa inafagia hao wazuri. Kwenye utafiti mbwa wazima kabisa walipewa kwa wiki 2, na wiki 4 baada ya kuacha bakteria wao walikuwa bado hawajarudi sawa. Dawa ina kazi yake, sikatai, lakini isiwe ndio ya kwanza.

Ya kwanza ni chakula, kwa sababu zaidi ya nusu ya mbwa wenye tumbo sugu wanapata nafuu kwa kubadilishiwa chakula peke yake. Lakini ubadilishe kweli, protini moja ambayo hajawahi kula. Kama amelelewa na nyama ya ng'ombe na kuku mimi nampeleka kwa sungura na viazi. Mbuzi watu wanajaribu, lakini mbuzi na ng'ombe ni jamaa wa karibu, mwili unaweza kuwachanganya. Hiki ni chakula cha mbwa mkubwa na ni cha muda tu, kijibwa anakosa kalsiamu. Tumbo linajibu ndani ya wiki 2, ngozi inataka kama wiki 8.

Na hapa ndio tunaangukia. Wewe umepika sungura vizuri, askari wa geti saa kumi anamrushia kipande cha mandazi, mtoto anaangusha soseji chini ya meza, dada anamwagia supu iliyobaki, na basi, wiki 2 zimeanza upya. Keti na hao wote uwaeleze, weka daftari jikoni kila mtu aandike amempa nini. Akipona mrudishie cha zamani, najua inauma, lakini akianza kuhara tena hapo umejua kwa uhakika.

Sasa kama una German Shepherd anakula na hashibi, mbavu zinahesabika, choo ni kingi, cha rangi ya njano na kinang'aa mafuta, huyo usihangaike na sungura. Kongosho lake halitoi enzaimu za kusaga chakula. Kuna kipimo cha damu kinaitwa TLI, na akipatikana anawekewa enzaimu kwa kila mlo maisha yake yote, na wengi vitamini B12 imeshuka kwa hivyo anadungwa mara moja kwa wiki kwa wiki 6. Wananenepa hawa, nimeona kwa macho yangu.

Wenye paka, maziwa yaacheni, paka wakubwa wengi hawawezi kusaga sukari yake. Na paka wa ugali na maziwa anakosa taurini, kirutubisho kilicho kwa nyama na samaki, bila hiyo anapofuka na moyo unapanuka na kuchoka, hiyo ya moyo ilijulikana 1987. Msimwekee chakula kipya mkisema atakula njaa ikimshika, paka akikaa siku 2 ama 3 bila kula, hasa mnono, maini yanajaa mafuta na anaweza kufa.

Na kijibwa hana chanjo, anatapika na kuhara damu, huyo hangoji wiki 3 wala asubuhi, inaweza kuwa pavo, ugonjwa wa virusi, mlete usiku huo huo.